Mimi ni mkimya: je, ndiyo sababu siwezi kusoma sura za wagonjwa?

Msomaji wetu, muuguzi wa wodi ya wazazi mkoani Morogoro, ameandika hivi:

"Mimi ni mtu mkimya tangu utotoni. Inchaji wa wodi yetu ameniambia zaidi ya mara moja kwamba sijui kusoma sura za akina mama, kwamba mama anaweza kuwa amejaa hofu mbele yangu na mimi naendelea tu kujaza faili. Iliniuma. Nikaingia mtandaoni nikafanya jaribio la kutambua hisia kwa kuangalia picha za macho, nikapata 21 kati ya 36, nikaambiwa niko chini ya wastani. Je, ni hulka yangu? Ni kweli wachangamfu ndio wanaojua kusoma nyuso? Na mtu anaweza kubadilika, au niombe kuhamishiwa stoo ya dawa?"

Dada yangu, usiombe uhamisho, angalau si kwa sababu ulizozitaja. Uhusiano kati ya hulka ya mtu na uwezo wake wa kutambua hisia kwenye nyuso upo, umepimwa kwa miaka mingi, na ni mdogo. Ukimya peke yake haumzuii mtu kuona hofu iliyo mbele yake. Unaweza kuleta mambo mengine mawili ambayo, kwa mtu aliyesimama pembeni, yanafanana kabisa na kutoona. Nadhani huko ndiko lilipo tatizo lako, na nitayafikia.

Kwanza hizo alama 21, maana naona ndizo zilizokunyima usingizi. Jaribio ulilofanya lilitungwa Cambridge, Uingereza, na Simon Baron-Cohen na wenzake, na toleo linalosambaa mtandaoni ni la 2001. Lina picha 36 za macho tu, nyeusi na nyeupe, zilizokatwa kutoka majaridani, na chini ya kila picha kuna maneno manne ya kuchagua moja. Anayebahatisha atapata kama 9. Watu wa kawaida wa Uingereza waliopimwa wakati ule walipata wastani wa karibu 26.

Sasa angalia linapima nini hasa. Kiingereza chake si kile unachoandikia faili. Ni msamiati wa watu waliokulia ndani ya lugha hiyo, unaotaka umtofautishe aliyezama mawazoni na anayetafakari, mwenye mashaka na anayesitasita. Watafiti wengi wamelikosoa kwa jambo hilo hilo: mwenye maneno mengi kichwani hufaulu zaidi, na huwezi kujua kilichomsaidia ni jicho au kamusi. Halafu macho yenyewe ni ya Wazungu. Mwaka 2002 Hillary Elfenbein na Nalini Ambady walikusanya tafiti nyingi zilizofanyika katika nchi mbalimbali, wakakuta kwamba mtu hutambua vizuri zaidi hisia za watu wa jamii yake kuliko za wageni, kwa tofauti ya asilimia 9 hivi. Muuguzi anayefanya kazi kwa Kiswahili Morogoro, akapata 21 kwenye jaribio kama hilo usiku baada ya zamu, mimi siwezi kusema ana kasoro. Na ungepata 31 nisingesema una kipaji.

Wala usijipime kwa kujiuliza mwenyewe. Hili huwashangaza watu wengi ninaowafundisha. Mwaka 2019 Brett Murphy na Scott Lilienfeld walilinganisha kile watu wanachojaza kwenye dodoso kuhusu uwezo wao wa kuelewa hisia za wengine na matokeo yao halisi walipopewa majaribio. Uhusiano ulikuwa karibu 0.1, kwenye kipimo ambacho 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kwenda sambamba bila kupishana. Kwa lugha ya kawaida, maneno ya mtu kuhusu uwezo wake wa kusoma wenzake yanaeleza kama asilimia 1 tu ya tofauti iliyopo kati ya watu. Kwa hiyo wale wachangamfu wa wodini kwenu wanaosema "mimi nikimtazama mtu tu namjua" hawana ushahidi mzito zaidi yako wewe unayesema huwezi. Nyote mnakisia.

Kuhusu hulka zenyewe. Wanasaikolojia wengi huzigawa katika mafungu makubwa matano: uchangamfu, upole kwa wengine, uwajibikaji, udadisi wa mambo mapya, na hulka ya wasiwasi. Kila mtu ana kiasi fulani cha kila moja. Mwaka 2009 Judith Hall na wenzake, Marekani, waliunganisha tafiti nyingi zilizopima sifa hizi na nyingine pamoja na umahiri wa kusoma watu. Waliopata alama za juu walielekea kuwa na udadisi zaidi, upole zaidi, uchangamfu zaidi, na wasiwasi mdogo zaidi. Lakini "zaidi" yenyewe ni ya kiasi hicho hicho kidogo nilichokuonyesha. Hata akili ya darasani, ambayo wengi wangedhani haihusiki, ina uhusiano mkubwa kuliko hulka nyingi: uchambuzi wa Katja Schlegel na wenzake wa 2020 uliuweka karibu 0.2. Ukipanga wauguzi mia kwa ukimya wao, kisha uwapange kwa uwezo wa kutambua hisia, orodha hizo mbili hazitafanana.

Udadisi na uwajibikaji nitaupita haraka. David Matsumoto na wenzake, kwenye utafiti wao wa 2000 wa nyuso zinazoonyeshwa kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, waliona wenye sifa hizo mbili wakifanya vizuri kidogo. Inaeleweka: mmoja anapenda kuchunguza, mwingine hachoki kuangalia.

Uchangamfu ndio unaokuhusu, na hapa kuna utafiti ambao ningependa inchaji wako ausome. Mwaka 2001 Matthew Lieberman na Robert Rosenthal walitaka kujua kwa nini watu wakimya wakati mwingine hawatambui kama mwenzao anawapenda au la. Walikuta kwamba mkimya akipewa kazi moja tu, ya kumtazama mtu na kusoma dalili zake zisizo za maneno, anafanya sawasawa na mchangamfu. Hakuna tofauti. Tofauti ilitokea pale alipotakiwa kuendesha mazungumzo na kusoma dalili hizo kwa wakati mmoja. Hapo mkimya alipungua. Mazungumzo yenyewe yanamla nguvu ya akili: aseme nini, alisemeje, sasa ni zamu ya nani. Kinachobaki kwa ajili ya kuangalia ni kidogo.

Sasa jitazame ukiwa kitanda cha mwisho saa tisa usiku. Unamfunga mama mashine ya presha. Unasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto na kuyahesabu. Unakumbuka patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, ijazwe kabla nusu saa haijapita. Wakati huo huo unamuuliza alikula lini, uchungu ulianza saa ngapi, mimba hii ni ya ngapi. Kwa mwenzako mchangamfu maswali hayo yanatoka yenyewe. Kwako kila moja linahitaji juhudi kidogo. Uso wa mama uko pale pale, macho yako ni mazima, ila akili imekwenda kwenye maneno. Hilo ndilo jambo la kwanza kati ya yale mawili, na dawa yake haihitaji kubadili hulka. Tenganisha kazi. Fika kitandani, kabla hujasema lolote na kabla hujagusa chochote, mwangalie uso kwa muda wa pumzi mbili. Kisha anza maswali. Ukimaliza kuandika, nyanyua kichwa, mwangalie tena kabla hujaondoka. Utafiti ule unasema ukiwa na kazi moja ya kuangalia huna upungufu wowote, basi jipe nafasi ya kazi hiyo moja, mara mbili kwa kila mama.

Jambo la pili linahusu uso wako wewe. Inchaji hana njia ya kuona ulichokiona. Anaona ulichokionyesha. Mchangamfu akiona hofu, nyusi zake zinanyanyuka, sauti inabadilika, mkono unakwenda begani kwa mama, "pole mama, nini tena?" Kila mtu wodini anajua kwamba ameona. Mkimya anaweza kuiona hofu ile ile, akabadilisha mpangilio wa kazi kwa sababu yake, akarudi kwa mama huyo mapema kuliko wengine, na usoni kusiwe na dalili yoyote. Kutambua hisia na kuonyesha kwamba umetambua ni uwezo tofauti, na wale wanaotutathmini kazini huuchanganya kila siku. Lakini usilichukue hili kama utetezi tu, kwa sababu na mama naye haoni kilichomo moyoni mwako. Mama mwenye hofu anahitaji kujua kwamba hofu yake imeonekana. Sentensi moja inatosha: "Naona una wasiwasi, mama. Niambie unachowaza." Hiyo si lazima itoke kwa uchangamfu. Ikisemwa kwa sauti ya chini, kwa utulivu wako wa kawaida, pengine inamtuliza zaidi.

Hulka ya wasiwasi inafanya kazi kwa namna nyingine, na nimeikuta mara nyingi kwa watu wanaokuja kuniona. Mwenye wasiwasi mwingi si kwamba haoni. Anaegemea upande mmoja. Uso ambao haujakaa wazi, usio na furaha wala hasira, yeye huelekea kuuona kama umekasirika au unamhukumu. Mwenye sonona naye ana mwelekeo wake: uchambuzi uliochapishwa 2015 wa tafiti za watu wenye sonona ulionyesha wanapungua kidogo katika kutambua karibu kila hisia ya msingi isipokuwa huzuni. Ndiyo maana swali la "anajua au hajui kusoma nyuso" halitoshi. Mtu anaweza kutambua hasira zote zilizopo na nyingine nyingi zisizokuwepo. Akipimwa kwa picha za hasira peke yake ataonekana bingwa. Ukikuta unarudi nyumbani kila siku ukiwa na hakika kwamba madaktari, wagonjwa na ndugu zao walikuwa wanakutazama vibaya, hapo pana jambo la kuzungumza na mtaalamu, na ni tofauti kabisa na hili unaloniuliza.

Kuna sifa mbili nje ya yale mafungu matano ambazo uhusiano wake na nyuso si mdogo, na hizo nataka nizikalie.

Ya kwanza inaitwa aleksithimia. Daktari wa akili Peter Sifneos aliipa jina hilo miaka ya 1970 akiwa Boston. Ni hali ya mtu kushindwa kujua na kutaja hisia zake mwenyewe. Moyo unamdunda, tumbo linamkaza, mikono imelowa jasho, ukimuuliza unajisikiaje atakwambia "nimechoka" au "nahisi vibaya", na hadanganyi. Hana zaidi ya hapo. Tafiti za watu wa kawaida zinaikuta kwa kiwango kikubwa kwa karibu mtu 1 kati ya 10. Mwaka 2013 Richard Cook, Geoffrey Bird na wenzao walifanya kazi iliyobadilisha mawazo ya wengi wetu. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba watu wenye usonji hawawezi kutambua hisia usoni kwa sababu ya usonji. Watafiti hawa walipima vyote viwili, usonji na aleksithimia, wakakuta kwamba kilichotabiri kushindwa kutambua hisia usoni ni aleksithimia. Mtu mwenye usonji anayezijua hisia zake alizitambua za wengine vizuri. Na asiye na usonji, mwenye aleksithimia, ndiye aliyepotea.

Kwa hiyo swali langu kwako si kama wewe ni mkimya. Ni hili: siku umetoka wodini baada ya kumpoteza mama au mtoto, ukikaa peke yako, unaweza kusema kilichomo ndani yako ni nini? Kama ni huzuni, au hasira, au hatia, au woga wa kuitwa kwenye kikao cha vifo? Kama unaweza, hata kama humwambii mtu yeyote, ukimya wako ni ukimya tu. Kuwa na hisia na kutozisema ni kitu cha kawaida kabisa, wengi wetu tumelelewa hivyo. Kama unakuta kuna ukungu, hujui hata wewe, basi anza hapo kabla ya kufikiria nyuso za watu. Lipo dodoso la Toronto, lenye maswali 20, ambalo mwanasaikolojia wa hospitali anaweza kukupitisha.

Ya pili ni ugumu wa moyo, ile sifa ya kutojali maumivu ya wenzako, ambayo ikizidi sana ndiyo sehemu ya kinachoitwa saikopathi. Hapa hisia inayopotea ni mahususi: hofu. Abigail Marsh na James Blair walikusanya tafiti za watu wenye tabia za kudhuru wengine na kuchapisha matokeo 2008. Upungufu wao ulionekana zaidi kwenye kutambua nyuso zenye hofu. Nakutajia si kwa sababu nakushuku. Mtu asiyejali hangekosa usingizi kwa kuambiwa hajali. Nakutajia kwa sababu ya kilichogunduliwa kuhusu njia ya kurekebisha.

Mgonjwa mmoja mwanamke wa Marekani aliharibika amigdala ya kulia na ya kushoto, kile kiungo kidogo cha ndani ya ubongo kinachohusika sana na hofu. Hakuweza kabisa kutambua hofu usoni. Mwaka 2005 Ralph Adolphs na wenzake walifuatilia mwendo wa macho yake wakagundua kwamba hatazami macho ya watu kama wengine wanavyofanya. Walipomwambia waziwazi "angalia macho," alitambua hofu kama mtu yeyote. Ubongo wake haukupona. Mara maelekezo yalipokoma, alirudi alikokuwa. Mark Dadds, Australia, aliona jambo linalofanana na hilo kwa wavulana wenye ugumu wa moyo: wakiambiwa wayatazame macho, upungufu wao wa kutambua hofu unaondoka kwa muda. Fikiria maana yake. Kama watu wa namna hiyo wanaweza kuiona hofu kwa kuelekezwa tu pa kuangalia, wewe mwenye macho na moyo mzima hushindwi.

Basi nikuambie pa kuangalia. Kwenye hofu, nyusi hunyanyuka na kusogeleana, mikunjo mifupi ikatokea katikati ya paji. Kope za juu hupanda mpaka weupe wa jicho uonekane juu ya mboni. Midomo hutanuka kwenda pembeni. Mshangao unafanana nayo sana, na hata watu mahiri huzichanganya, ila kwenye mshangao nyusi hupanda zikiwa zimepinda bila kusogeleana na taya hulegea. Maumivu ni kinyume: nyusi hushuka, macho hujikaza au kufumba kabisa, pua hukunjamana na mdomo wa juu hunyanyuka. Mama aliye kwenye uchungu atakuonyesha maumivu wakati wa mkazo. Ukitaka kuona hofu, mwangalie mkazo ukiisha. Hapo maumivu yanapoachia uso, kinachobaki ndicho cha kusoma.

Na jihadhari na mazoea, ambayo kwa kazi yenu yana nguvu kuliko hulka. Tafiti nyingi zinaonyesha wahudumu wa afya hukadiria maumivu ya mgonjwa chini ya anavyoyakadiria mgonjwa mwenyewe. Anayeona nyuso za maumivu kila siku, kipimo chake kinapanda bila yeye kujua. Hilo halimwachi mkimya wala mchangamfu, na halimwachi inchaji.

Kuna jambo la malezi pia ambalo vitabu vya hulka hulipita. Seth Pollak wa Wisconsin aliwaonyesha watoto picha za nyuso zinazobadilika kidogo kidogo kuelekea hasira. Watoto waliokuwa wamepigwa nyumbani waliitambua hasira mapema kuliko wengine, ikiwa bado dalili chache tu. Jicho lao limefunzwa na hatari. Mtu mzima aliyelelewa hivyo anaweza kuonekana mwenye kipaji cha kusoma watu, naye amekilipia ghali. Huwa nasikitika ninapomsikia mtu anamsifia mtoto kwamba "anajua kabisa baba akiingia na hasira".

Sasa, utamaduni. Paul Ekman na Wallace Friesen walikwenda Papua New Guinea na 1971 wakachapisha utafiti uliosema watu wa Fore, waliokuwa hawajazoea picha wala filamu za Kizungu, wanalinganisha hadithi za hisia na sura zile zile tunazozilinganisha sisi. Kuanzia hapo ikaenea dhana kwamba furaha, huzuni, hasira, hofu, kinyaa na mshangao zinasomeka sawa duniani kote. Miaka ya karibuni dhana hiyo imepata mtikisiko, na mmoja ulitoka hapa kwetu. Mwaka 2020 Maria Gendron na wenzake, akiwemo Lisa Feldman Barrett, walichapisha utafiti waliofanya kwa Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wa kaskazini mwa Tanzania. Hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba Wahadzabe wanazisoma picha zile kama inavyotarajiwa. Ubishi haujaisha, na mimi mwenyewe naamini yapo mambo ya usoni ambayo binadamu wote tunashiriki. Ila somo kwa wodi ni dhahiri: uso unasomwa na mtu aliyefundishwa na jamii yake, na unaonyeshwa na mtu aliyefundishwa na jamii yake.

Nawe unajua akina mama wanafundishwa nini kabla ya kuja leba. Kujikaza. Usipige kelele, usiwaaibishe wazazi, usimwudhi nesi. Msichana wa miaka kumi na minane amelala kitandani uso umetulia kama wa mtu anayesubiri basi, na ndani anadhani atakufa. Uso huo hausomeki kwa hulka yoyote. Inchaji wako akisema aliiona hofu yake, muulize kwa heshima aliionea wapi, na huenda atakwambia ni kwenye vidole vilivyoshika shuka, pumzi fupi za juu, jinsi alivyokuwa anageukia mlango. Mwaka 2012 Hillel Aviezer na wenzake waliwaonyesha watu picha za wachezaji wa tenisi mara tu baada ya kushinda au kushindwa pointi kubwa. Walipoona uso peke yake hawakuweza kutofautisha mshindi na mshindwa. Walipoona mwili, hata bila uso, waliweza. Hisia ikiwa kali kweli, uso mara nyingi hauna jibu na mwili unalo. Kwa hiyo unapofundisha macho yako, usiyafungie usoni.

Niongeze la tahadhari. Mtandaoni zimejaa video zinazodai kukufundisha kumjua muongo kwa vijidalili vya nusu sekunde usoni. Usipoteze muda. Uchambuzi mkubwa wa Charles Bond na Bella DePaulo, wa 2006, ulionyesha watu hutofautisha ukweli na uongo kwa usahihi wa asilimia 54, wakati kurusha shilingi kungekupa 50. Mama anayekwambia hajatumia dawa za kienyeji za kuongeza uchungu hasomeki usoni. Anaulizwa vizuri, kwa faragha, bila kutishwa.

Swali lako la mwisho: mtu anaweza kubadilika? Hulka hubadilika polepole sana, kwa miaka. Uwezo wa kutambua hisia unafundishika haraka zaidi. Mwaka 2012 Danielle Blanch-Hartigan na wenzake walipochambua tafiti za mafunzo ya namna hii, kilichosaidia ni mazoezi yenye majibu: unakisia, unaambiwa kama umepata au umekosa, unakisia tena. Kusomewa somo peke yake kulisaidia kidogo.

Wodi inakupa mazoezi hayo bure kila zamu. Kabla hujamuuliza mama anajisikiaje, kisia moyoni: ana hofu kiasi gani kati ya 0 na 10, maumivu kiasi gani. Kisha muulize, na ulinganishe. Mwanzoni angalia umekosea upande gani. Ukikuta makisio yako yako chini kila mara, ni yale mazoea ninayoyasema. Ukikuta yako juu kila mara, huenda ni wasiwasi wako mwenyewe unaouona kwenye nyuso zao. Ukikuta yanayumba huku na huku, ongeza muda wa kuangalia. Usijipime baada ya usiku mzima bila kulala: majaribio ya Matthew Walker na wenzake, California, ya 2010, yalionyesha kwamba kukesha kunapunguza uwezo wa kutambua hasira na furaha usoni, hasa zile za kiasi cha kati.

Na zungumza na inchaji. Mwambie kwamba umelichukua neno lake na unalifanyia kazi, kisha mwombe mfanye zamu moja pamoja. Kwa kila mama, kila mmoja wenu aandike makisio yake kwenye karatasi bila kumwonyesha mwenzake, halafu mmoja amuulize mama. Mkimaliza zamu mlinganishe karatasi zenu na majibu ya akina mama wenyewe. Kama makisio yako yako mbali na majibu yao kuliko yake, utajua kwa hakika nini cha kurekebisha na kwa hisia ipi. Kama yako karibu sawa, mwambie kwamba unaona, na tangu leo utakuwa unasema kwa sauti kile unachokiona.